Tingatinga Kuukuu la Gerezani

Ng'ombe mgonjwa hutambulika. Manyoya husimama, macho hutoa machozi, majani hayataki. Hata kijana wa miaka minane aliyekulia zizini huwezi kumwuzia ng'ombe wa namna hiyo. Boriti nayo ikiliwa na mchwa, igonge tu kwa mpini wa kisu, utasikia. Lakini chuma ni kitu kingine. Chuma huoza ndani, mahali palipofunikwa na chuma kingine, na nje mtu hukipaka rangi ya manjano kikang'aa kama kimetoka kiwandani jana. Ndiyo maana watu wenye akili zao, wajuao sana kuchagua jembe, mbegu na mchumba, wamepoteza fedha nyingi kwa kununua mashine kuukuu. Nataka kueleza jinsi tulivyolikagua tingatinga moja huko Dar es Salaam, ili wengine wenye nia kama yetu wapate mahali pa kuanzia.

Huku kwetu katika bonde la Kilombero twalima mpunga. Kikundi chetu kina kaya 43, karibu wote watu wa kigango kimoja. Kwa misimu minne kila kaya ilitoa gunia moja baada ya mavuno, magunia yakauzwa pamoja, na fedha zikawekwa benki. Mwaka jana zilikuwa zimefika shilingi milioni 14 hivi. Wamo humo wajane saba, na wamo wazee wawili ambao msimu mmoja walinunua gunia la kutoa, kwa sababu shamba lao lilichukuliwa na maji.

Haja yetu ilikuwa kuchimba mifereji ya kutoa maji, kung'oa visiki katika mashamba ya zamani yaliyorudi kuwa pori, na kutengeneza kile kipande cha barabara kinachotufunga kila masika. Kikifunga, Baba Paroko hakosi kukosa majuma sita au saba, na mama mjamzito hubebwa kwa machela mpaka barabara kubwa. Trekta la magurudumu huzama katika udongo wetu mweusi. Tingatinga halizami upesi, kwa kuwa tani zake hutandazwa juu ya minyororo miwili mipana, hata likakanyaga kwa wepesi kuliko kwato ya ng'ombe.

Basi, kijana mmoja wa kijijini kwetu afanyaye kazi Kariakoo akamtumia Mwenyekiti picha kwa simu. Tingatinga la manjano, aina ya Caterpillar D4, lina bledi mbele, linauzwa kwa milioni 22, "bei yazungumzika". Mwenyekiti hakulala. Usiku ule ule alitaka kutuma fedha za kulishika, maana aliambiwa kuna Mwarusha mmoja naye analitaka. (Nimekuwa fundi miaka thelathini, na sijapata kuona mashine kuukuu inayouzwa isiyokuwa na mtu mwingine anayeitaka kesho asubuhi.) Aliyekataa ni Mama Mhazini. Akasema, "Mwenyekiti, hata ndoa hutangazwa kanisani mara tatu kabla ya kufungwa. Na hili tulitangaze kwanza, tusikie kama lina kizuizi." Watu walicheka, lakini walimwelewa. Nikachaguliwa mimi niende kulitazama, na yeye pamoja nami ashike daftari.

Kwa wasiofika huko, Kariakoo ni jina lililoachwa na vita. Waingereza walipoingia Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, mahali pale paliwekwa wapagazi wa jeshi, wale walioitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na midomo ya watu ikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Soko kubwa lililofunguliwa hapo mwaka 1975, kazi ya mchoraji wetu Beda Amuli, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Biashara ya mitaani haikungoja jengo. Ukitoka sokoni ukishuka Mtaa wa Msimbazi kuelekea Gerezani, waacha khanga na sahani, waingia katika spea: mapampu, mikanda, beringi, nozeli, vyuma vya kila namna vimetandazwa mpaka njiani. Kelele za nyundo na cheche za kulehemu zakufuata kila hatua. Mtu aweza kupeleka pini iliyovunjika asubuhi, jioni akachukua mpya iliyokerezwa mbele ya macho yake.

Tingatinga lenyewe lilikuwa nyuma ya ua wa mabati, limezungukwa na matairi na majani ya mwitu. Mwenyewe alikuwa mzee wa watu, mpole, aliyelirithi kwa ndugu yake. Mwenye maneno alikuwa dalali. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo mzee wangu," akaniletea kiti, akaanza: "Mzee wangu, hiki si chuma cha siku hizi. Hili ni la mwaka 1975, lilitoka kwa Waingereza wenyewe, mashamba ya karanga ya Kongwa."

Nikamwuliza habari hizo mbili atazipatanishaje, maana mashamba yale ya karanga yalivunjwa mwaka 1951. Akacheka tu. Nikaenda nyuma ya kiti cha dereva, nikasugua kibao cha namba kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Namba ilianza kwa 7U. D4 za herufi hizo zilitengenezwa kati ya mwaka 1947 na 1959. Kwa hiyo mwaka 1975 haukuwa kweli, na Kongwa ingeweza kuwa kweli. Lakini kama lilitoka Kongwa, je, hiyo ni sifa?

Habari ya Kongwa vijana wengi hawaijui, nami naona inafaa kukumbukwa na kila atakaye kununua chuma cha mtu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 likaletwa shauri la kulima karanga katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia: eka 3,210,000, zigawanywe mashamba 107 ya eka 30,000 kila moja, mengi yake katika nchi yetu. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 25. Kazi ikaanzia Kongwa mwaka 1947, baadaye Urambo na Nachingwea.

Mapori yale hayakulimika kwa jembe la mkono. Yalihitaji matingatinga, na matingatinga mapya hayakupatikana, maana dunia nzima ilikuwa ikiyataka baada ya vita. Basi wanunuzi wakaenda kutafuta masalio ya majeshi, hata huko Filipino, mashine zilizokuwa zimefanya kazi ya vita kisha zikaachwa mvuani. Zikanunuliwa kwa wingi, zikapakiwa melini, zikashushwa hapa hapa bandari ya Dar es Salaam, zikapandishwa gari la moshi kwenda bara. Nje zilikuwa matingatinga. Ndani, wengi wa mafundi wa Kongwa waliozifungua walikuta kutu. Spea zilikuwa haba, madereva wengi walikuwa wamefundishwa juma chache tu, na mizizi ya pori la Kongwa ilivunja hata vyuma vizuri. Kabla mwaka 1947 haujaisha, theluthi mbili ya mashine zilizoletwa zilikuwa zimelala. Mwaka huo walikuwa wamekusudia kufyeka eka 150,000. Hawakufikia hata eka 10,000.

Walijaribu hata vifaru. Kampuni ya Vickers ilichukua vifaru vya aina ya Sherman ikavigeuza matingatinga, yakaitwa Shervick. Wengi walikumbuka maneno ya Nabii Isaya juu ya panga na majembe, lakini vifaru vile havikuwa wakulima hodari. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikaufunga mpango, na zaidi ya pauni milioni 30 zikahesabiwa kuwa zimepotea. Sababu zilikuwa nyingi: mvua chache, udongo unaokauka ukawa kama tofali, haraka ya wakubwa wa London. Mashine kuukuu hazikuwa sababu ya pekee. Lakini mimi, kama fundi, naona hapo ndipo fedha za kwanza zilipoteketea, na ziliteketea mikononi mwa watu wenye wahandisi, meli na hazina ya ufalme. Sisi tulikuwa na magunia 172 ya mpunga.

Nikamwambia dalali asante kwa habari ya Kongwa, nikavua koti.

Jina katapila, kama mjuavyo, maana yake ni kiwavi. Mwaka 1904 huko California, Benjamin Holt alijaribu mashine yake ya kutembea juu ya minyororo, na mpiga picha mmoja akasema yatambaa kama kiwavi. Na kwa kuwa yatambaa, kuukagua mtambo huu huanza tumboni wala si kichwani. Watu wengi huenda mbio kwenye injini. Injini ikinguruma, wamekwisha nunua. Lakini watu wa kazi hii husema kwamba nusu ya fedha zote za kulitengeneza tingatinga huliwa na miguu, yaani minyororo na vile vyote vinavyouzungusha na kuushika. Kwa hiyo nilipiga magoti kwanza, nikaanza na gurudumu la meno lililo nyuma, lile linalovuta mnyororo.

Meno mazima yana ncha butu, pana. Meno ya tingatinga hili yalikuwa yamechongoka kama mapezi ya papa. Maana yake pini na bushi za mnyororo zimelika, kila kiungo kimerefuka kidogo, na mnyororo mzima hauingii tena sawasawa katika meno, waukwaruza. Nikatazama skrubu ya kukazia mnyororo mbele. Upande wa kushoto ilikuwa imefika mwisho kabisa, haina tena pa kwenda. Upande wa kulia, ajabu, ilikuwa bado ina nafasi, na mnyororo umekaza vizuri. Nikashangaa, maana miguu miwili ya mnyama mmoja huzeeka pamoja.

Nikamwomba Mama Mhazini ahesabu viatu vya kila mnyororo, vile vibao vya chuma vinavyokanyaga ardhi. Akachukua chaki, akatia alama cha kwanza, akazunguka polepole huku akihesabu kwa sauti kama anayesali Rozari. Kushoto 31. Kulia 30. Akarudia. Kulia 30. Basi siri ikafunuka: mnyororo wa kulia uliporefuka mpaka skrubu ikaisha, mtu alikata kiungo kimoja, akaufunga tena, ukaonekana umekaza kama mpya. Dalali alisema hiyo ni kawaida ya mitambo ya zamani. Nami nasema kiwanda hakitoi tingatinga lenye mguu mmoja mfupi.

Kuna jambo moja la faraja katika bushi za mnyororo. Hulika upande mmoja tu, ule unaosukumwa na meno, kwa hiyo fundi aweza kuzitoa kwa mashine ya kusukumia, akazigeuza, zikaanza maisha ya pili. Nikaingiza kidole katikati ya viungo nipapase. Zilikuwa zimelika pande zote mbili. Zimekwisha geuzwa zamani, na maisha ya pili nayo yameliwa. Mchanga wa Dar es Salaam ni adui mkubwa hapo. Huingia na kusaga kama jiwe la kunolea.

Siku ya pili ndiyo tulifika kwenye injini. D4 ya zamani haiwashwi kwa betri. Ina injini ndogo ya petroli pembeni, ya silinda mbili, nayo kazi yake ni kuizungusha ile kubwa ya dizeli mpaka iwake. Kabla ya kuwasha lolote yafaa kujua kama injini kubwa yazunguka au imekwama. Dohani ilikuwa haina kifuniko, nikaogopa kwamba mvua imeingia miaka yote na kuzigandisha pistoni. Nikaingiza mtaimbo kwenye meno ya flaiwili, nikasukuma taratibu. Ikasogea. Nikazungusha mzunguko mzima, haikushika popote. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili: nyeusi, nzito, lakini haina weupe kama maziwa, ambao ni alama ya maji. Nikafungua rejeta: maji ya kutu, hakuna mafuta yanayoelea. Nikachunguza ubavu wa injini kwa tochi kutafuta ufa. Sisi hatuna baridi ya kugandisha maji, lakini mashine nyingi za kununua zimetoka Ulaya, na huko mtu akisahau kutoa maji wakati wa baridi kali, barafu huvimba na kuipasua injini. Kisha hulehemiwa, hupakwa rangi, hupakiwa melini. Hapo sikuona ufa. Namba iliyogongwa kwenye injini nayo ililingana na ya kibao cha nyuma, na yule mzee alikuwa na barua ya mauzo ya ndugu yake. Hilo msilidharau, maana chuma cha wizi hurudi kwa mwenyewe na fedha hazirudi.

Nilisafisha kabureta ya injini ndogo, nikatia petroli mpya. Ikawaka mara ya nne. Nikaiunganisha na ile kubwa, nikaiacha iizungushe mpaka oili ipande na sindano ya kipimo ikainuka, nikatoa hewa katika mabomba ya dizeli, nikafungua dizeli. Ikakohoa moshi mweupe, ikakohoa tena, kisha ikashika. Vijana wa gereji za jirani wakaacha kazi zao wakaja kutazama. Moshi ukawa wa buluu, baada ya robo saa ukasafika. Niliiacha ingurume dakika arobaini, nikatazama pua ya injini kama yatoa mvuke mwingi, ambao ni alama ya ringi zilizochoka. Mvuke ulikuwa kidogo tu.

Sitaficha kwamba sauti ile ilinifurahisha. Injini ya dizeli ya siku zile hunguruma polepole, kama mtu asiye na haraka. Na hapo ndipo hatari ilipokuwa, maana kijana wetu wa Kariakoo alikwisha piga picha ya video akaituma nyumbani, na kabla sijashuka Mwenyekiti alikuwa simuni anaimba. Kijijini walikuwa wamesikia mngurumo, hawakuona meno yaliyochongoka.

Nikalitia gia. Likatambaa mbele hatua kumi, likarudi. Tingatinga halina usukani. Lina vipini viwili. Ukivuta cha kushoto, klachi ya kushoto huachia, mnyororo wa kushoto husimama, wa kulia huendelea, nalo hugeukia kushoto. Nikavuta cha kushoto: likageuka. Nikavuta cha kulia: likaenda mbele moja kwa moja, nusura liufikie ukuta wa mabati, na watazamaji wakatawanyika kama kuku. Sahani za klachi ya kulia zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Dalali akasema litajifungua lenyewe likipata kazi. Huenda, nimepata kuona hivyo. Tulikifunga kipini kwa kamba usiku kucha kikiwa kimevutwa, asubuhi tukalisukuma mbele na nyuma kwa vishindo. Halikuachia. Basi ni kufungua, na kuifungua klachi hiyo ni kutoa kiti, tangi la dizeli na vingi vingine.

Jambo la mwisho nililihifadhi makusudi kwa asubuhi hiyo ya tatu, kabla mashine haijasogezwa, maana maji na oili vikitulia usiku kucha hutengana, maji hukaa chini. Pembeni ya kila gurudumu la meno kuna sanduku la gia za mwisho, na chini yake kuna kizibo. Nikalegeza cha kushoto taratibu, bila kukitoa: ikachuruzika oili, chafu lakini oili. Nikakaza. Nikalegeza cha kulia. Yakatoka maji. Yakaendelea kutoka, mekundu kama chai ya rangi, karibu kopo zima. Kisha likafuata tope la kijivu, na katika tope hilo mlikuwa na kitu kinametameta. Mama Mhazini akaniuliza, "Hizo ni nini, fundi, zang'aa kama mchanga wa mtoni?" Nikachovya sumaku ndogo niliyokuwa nayo mfukoni, ikatoka ina ndevu. Ilikuwa chuma cha gia na cha beringi.

Yule mzee mwenye mali alitazama sumaku kwa muda mrefu, hakusema neno. Naamini hakujua.

Mchana wote tulizunguka madukani na daftari. Beringi hazikututisha, kwa kuwa beringi haina kabila. Ina namba ubavuni, na mwenye duka hukuletea yenye namba hiyo, iwe ya tingatinga au ya mashine ya kusaga. Pini zaweza kukerezwa hapo Gerezani. Meno yaliyochongoka mafundi wengine huyajaza kwa kulehemu, nami nimeyafanya hayo, lakini juu ya bushi zilizolika ni kazi ya msimu mmoja. Gia za sanduku la kulia ndizo hazikuwapo Kariakoo nzima. Mwenye duka mmoja mkweli alituambia zitatakiwa kuagizwa Marekani, kwa watu wanaovunja mashine za zamani, na bei hawezi kuitaja mpaka meli. Tukajumlisha vile vinavyojulikana: pini na bushi za pande zote mbili, meno, sahani za klachi, beringi, sili, mafundi, na lori la kubebea mtambo mpaka kwetu. Daftari lilisema milioni 19, mbali na gia, mbali na tingatinga lenyewe.

Tukarudi uani. Nikamwambia mzee, kwa heshima, yote tuliyoyaona, na kwamba twaweza kulinunua kwa milioni 6: thamani yake kama chuma chakavu, na kidogo juu kwa ajili ya injini. Dalali akaruka. Akashuka 18, akashuka 15, akasema neno lake la mwisho ni 13, wala hatashuka tena. Nikamtazama Mama Mhazini naye akanitazama. Milioni 13, na sisi tuna 14. Baadaye ilijulikana kwamba Mwenyekiti, katika furaha yake, alikuwa amemtajia dalali akiba yetu yote kwa simu.

Simu ikalia tena. Mwenyekiti akasema tulichukue, tutalitengeneza polepole, Mungu atasaidia. Mama Mhazini akaomba simu. Hakupandisha sauti. "Mwenyekiti, shikamoo. Magunia yako katika fedha hizi ni manne, kama yangu. Ukipenda, manne yako nitakurudishia kesho, ulipie meno ya upande mmoja. Haya 164 yaliyobaki yana wenyewe, nami sikutumwa nao kuyatia katika tope." Akakata simu, akafunga daftari kwa kamba.

Tulilala usiku mmoja zaidi, tukasali Misa ya asubuhi katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu pale karibu na bandari, tukapanda basi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tuliwasomea wanachama daftari chini ya mwembe. Hawakutupigia makofi. Vijana walinung'unika kwamba tumelikataa tingatinga linalowaka, na mmoja alisema fundi mzee huogopa kazi. Nikaipitisha ile sumaku mkono kwa mkono, bado ina ndevu zake, nimeifunga katika karatasi. Mama mmoja mjane aliishika, akauliza kila unywele umetoka wapi, nikamweleza, akasema, "Basi lilikuwa linajila lenyewe." Kura ilipopigwa, 29 walikubaliana na daftari, 11 walikataa, wengine walikuwa mashambani.

Kiangazi hicho tulikodi mtambo wa mkandarasi mmoja aliyekuwa akitengeneza barabara upande wetu, kwa siku tisa, dereva na dizeli juu yake. Mfereji mkubwa umechimbwa; wa pili haukuisha kwa kuwa siku ziliisha. Visiki vingi bado vimesimama, na vijana huning'ong'a kila wakivikata kwa shoka. Kile kipande cha barabara kilipita masika kwa taabu. Fedha zilizobaki ziko benki, na msimu huu kila kaya imeongeza gunia.

Dalali hunipigia simu kila baada ya miezi miwili. Ni kijana mwenye adabu, huanza kwa kuuliza hali ya mpunga. Mara ya mwisho alifika milioni 9. Nikamwambia twaweza kuongea, ila kwanza afungue lile sanduku la kulia, alisafishe kwa dizeli, anitumie picha ya gia, jino kwa jino. Akasema, "Haina shida, mzee wangu, kesho asubuhi." Hiyo ilikuwa kabla ya Kwaresima, na picha haijafika.